Baba Kijacho wa Kuazima

Saini yangu niliitengeneza nikiwa darasa la saba, nyuma ya daftari la hesabu, wakati wenzangu wanatafuta jibu la swali ambalo mie nilishalikatia tamaa. Inaanza na herufi moja kubwa iliyokaa kama kiti cha mfalme, halafu mstari unazunguka mara mbili na kumalizikia kwenye mkia mrefu unaoshuka kulia. Nilikuwa naiandalia siku nitakayokuwa na duka la samani lenye vioo, barabarani kabisa, mafundi wangu wananiletea karatasi nami nasaini bila kuangalia huku naongea na simu. Hiyo ndiyo ilikuwa picha yangu ya mtu aliyefanikiwa. Mtu anayesaini bila kuangalia.

Duka bado. Nipo Manzese, kwenye karakana ya watu wanne, napiga randa mbao za vitanda, na vumbi lake limeshakuwa sehemu ya chai yangu ya saa nne. Lakini kusaini bila kuangalia, hilo nilishalifanya mara moja.

Dada yangu aliposhika mimba, mume wake alikuwa utingo wa lori la mizigo linalokwenda Tunduma. Safari ya wiki moja inageuka wiki tatu kwa foleni ya mpakani. Na kliniki wana utaratibu wao: hudhurio la kwanza mama aje na mwenza wake, wapimwe damu wote wawili, wasikilize somo pamoja. Ukija peke yako unarudishwa serikali ya mtaa ukachukue barua ya kueleza mwenzako yuko wapi. Ukija na mume, unapitishwa mbele ya foleni. Kila mwanamke wa mtaani kwetu anajua dawa ya jambo hilo. Unaazima. Wengine wanamchukua dereva wa bodaboda, wengine kaka wa jirani. Dada akanichukua mie.

"Vaa shati la mikono mirefu," aliniambia. "Na usichekecheke. Mume wa mtu hachekicheki hovyo."

"Kwani shemeji hachekagi?"

"Anachekaga nyumbani."

Nilikwenda kama naenda harusini. Nesi, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, aliniita "baba kijacho" na mie nikaitika kabla hajamaliza. Akashika kadi, akaona ubini wa dada na wangu ni mmoja.

"Mbona mnafanana majina?"

"Kwetu Newala jina hilo ni la kila mtu," dada akajibu, mkavu kabisa.

Nesi akaandika. Kwenye nafasi ya mwenza, jina langu. Kwenye somo akaniuliza kama mke wangu akivimba miguu namkanda. Nikasema namkanda kila siku, asubuhi na jioni. Darasa zima likanipigia makofi, dada akanifinya paja mpaka nikatoa machozi, na nesi akasema wanaume wa aina yangu wamebaki wachache. Pembeni yangu alikaa dereva wa bodaboda niliyekuwa namfahamu kwa sura. Aliniinamia akaninong'oneza nimpishe kwenye kupimwa damu, maana hapo ni mke wake wa tatu kwa mwaka ule na abiria wake walikuwa wanamsubiri nje. Nesi alimwangalia muda mrefu, akaacha.

Tulicheka kutoka kliniki mpaka nyumbani. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia mwisho wa habari hii huwa wanadhani tulikuwa watu wa hila. Hatukuwa na hila. Tulikuwa na foleni ya kukwepa.

Uchungu ulimshika asubuhi moja, shemeji yupo Mbeya. Nikampeleka zahanati ya watu binafsi iliyo karibu na kwetu, yenye kuta za kijani, kwa kuwa hospitali ilikuwa mbali na yeye alikuwa hawezi hata kuvaa ndala. Alijifungua alasiri. Mtoto wa kike. Nilisikia akilia nikaanza kumpigia shemeji simu, haipatikani, nikapiga tena, haipatikani, na mie nacheka peke yangu kwenye benchi kama mwehu.

Yule tabibu, tuliyekuwa tunamwita dokta, akafungua pazia. "Baba! Njoo hapa."

Nikasimama. Sikukumbuka hata kidogo kwamba mie si baba.

Alinionyesha mtoto amelala kifudifudi. Chini kabisa mgongoni, juu kidogo ya makalio, palikuwa na uvimbe kama nusu ya ndimu, ngozi yake nyembamba inang'aa. Akasema ni kauvimbe tu, wengine wanazaliwa nako, tupake dawa ya zambarau katakauka. Akakafunga bandeji. Akasema na maneno mengine. Hayo maneno mengine ndiyo nimeyatafuta kichwani kwangu mwaka mzima kama mtu anayetafuta msumari kwenye maranda. Naona mdomo wake unakwenda. Mie nawaza uji wa pilipili manga nitakaomchemshia dada, nawaza nitamwambiaje shemeji, nawaza kitanda kidogo chenye uzio nitakachomchongea mpwa wangu, kwa mninga, si kwa mbao za paini.

"Saini hapa baba, mama apumzike, kesho asubuhi mtoke."

Nikasaini. Na mkia niliuvuta mpaka chini.

Siku ya kumi na moja uvimbe ulipasuka. Hakutoka usaha, yalitoka maji meupe kama ya kisimani. Usiku huo akachemka homa, alfajiri tukawa hospitali kubwa. Daktari wa pale, msichana mdogo aliyeonekana hajalala, alimgeuza mtoto mara moja tu.

"Huyu amezaliwa na mgongo wazi. Alitakiwa aletwe siku ile ile. Nani aliwaambia mkae naye nyumbani?"

"Zahanati," dada akasema, akaniangalia.

Mdudu wa ugonjwa alikuwa ameshapanda mpaka kwenye ubongo. Mtoto alikaa wodini miezi miwili, miguu yake haichezi. Kichwa kikaanza kukua, wakamwekea mpira wa kushusha maji kutoka kichwani mpaka tumboni, unaupapasa chini ya ngozi ya shingo kama uzi mnene. Dada aliuliza swali ambalo kila mzazi wa wodi ile anauliza: ingekuwaje tungewahi? Daktari yule hakumficha. Alisema miguu pengine ingekuwa hivyo hivyo, miguu ni ya kuzaliwa. "Lakini kichwa kisingefika hapa."

Neno hilo ndilo lililomnyanyua dada. Hakutaka kumfunga mtu. Alitaka waseme wenyewe, kwa maandishi, kwamba kichwa cha mwanawe kisingefika hapa, na wabebe sehemu ya matibabu, maana mpira ule unaziba na unabadilishwa, si kitu cha mara moja. Akampata mama mmoja wa msaada wa kisheria, ofisi yake chumba kimoja Ubungo, feni haizunguki. Yule mama akatuandikia malalamiko ya kupeleka kwenye kamati ya wilaya. Nikayasoma, nikajisikia tumeshashinda. Mie nikiona karatasi imechapwa vizuri naamini kila kitu.

Majibu ya zahanati yalikuja na fotokopi ya fomu. Juu ya saini yangu kulikuwa na maneno ya mkono: Baba wa mtoto ameelezwa umuhimu wa kwenda hospitali ya rufaa. Amekataa kwa hiari yake.

Chini yake kiti cha mfalme, mizunguko miwili, mkia.

"Palikuwa patupu hapa?" dada aliniuliza, kidole chake juu ya yale maneno.

"Patupu, dada. Naapa."

Nilijibu haraka, jinsi ninavyomwambia mteja kwamba kitanda kitakuwa tayari Jumamosi.

Niliiangalia ile fotokopi siku nyingi. Mkia wa saini umeyagusa maneno kwenye herufi moja, na nilikuwa naigeuza karatasi upande wa dirisha nione kipi kimepita juu ya kipi. Kwenye fotokopi wino wote ni mweusi, hakuna wa kwanza wala wa pili. Fomu yenyewe, walisema, ilikuwa stoo na mchwa wameingia stoo.

Shemeji aliporudi safari akaisoma akiwa amesimama, begi bado begani.

"Baba wa mtoto amekataa," akasoma kwa sauti. "Kwa hiyo shem, hapa mie nani?"

Hakunipiga. Bora angenipiga. Alikwenda kukaa kwa mama yake, kule Wazo kwenye kiwanda cha saruji, siku nne, na yule bibi, ambaye mashuka yake kambani yanapauka kwa vumbi la saruji na yeye anayafua tena bila kulalamika, siku hiyo alilalamika. Alimpigia dada simu. "Mlimwandikia mtoto baba wa uongo kabla hajazaliwa. Mlitegemea mgongo ufunge?" Dada alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa mama, shikamoo," akakata, akaendelea kuosha chupa za maziwa.

Tuliitwa kwenye kamati mara tatu tukarudishwa mara tatu. Mwenyekiti yupo semina. Mwakilishi wa zahanati anaumwa. Faili lipo kwa mkubwa. Kila mara tunafunga safari na mtoto, na kichwa chake kinataka mkono wake peke yake, mkono wa pili unashika mwili, kwa hiyo ukimbeba huna mkono wa kufutia jasho. Tunapokezana. Nilimtengenezea kiti cha kona kwa mabaki ya mninga, chenye mabawa mawili ya kushikilia kichwa, nikakipiga msasa mpaka kikawa laini kama sabuni. Mtu wa mazoezi ya viungo alikisifia. Hicho ndicho kitu pekee nilichokimaliza vizuri mwaka ule.

Kabla ya mara ya nne, mama wa msaada wa kisheria akaniita ofisini peke yangu.

"Mwanangu, mie siwezi kukwambia useme nini. Nakwambia wataangalia nini. Ukisema wewe ni baba, basi ni neno lako na la yule tabibu, na saini ni yako. Ukisema si baba, ile karatasi yao inakosa mwenyewe. Lakini kadi ya kliniki ya dada yako nayo inakuwa ya uongo, na watamwita mwongo mbele ya watu."

"Na nikisema palikuwa patupu?"

"Palikuwa patupu?"

Feni ilikuwa haizunguki. Nikasema nitafikiria, kana kwamba ni jambo la kufikiria.

Jioni nikamwambia dada yale ya kadi. Alikuwa anamnywesha mtoto kwa kijiko, anasubiri ameze, anachota kingine. Akasema, "Sema chochote, ila kiwe kimoja. Nimechoka kukumbuka tulisema nini wapi."

Siku yenyewe tulikuwa kama watu kumi kwenye chumba chenye meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa mama daktari mstaafu, mwembamba, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Akanisogezea fotokopi.

"Kijana, saini hii ni yako?"

"Yangu, mama."

Mzee mmoja wa kamati akachungulia. "Saini ya waziri hii."

Watu wakacheka kidogo. Siku nyingine ningecheka nao.

"Wewe ndiye baba wa mtoto?"

Nilimwangalia dada. Alikuwa anamfuta mtoto mate kwa pindo la khanga, hakuniangalia.

"Hapana, mama. Mie mjomba wake. Baba yake yule pale mlangoni."

Shemeji akajiweka sawa mlangoni kama mtu anayepigwa picha.

"Kadi ya kliniki ina jina lako."

"Tulidanganya. Shemeji alikuwa safarini. Tulikwepa barua ya mtaa na foleni."

Mwenyekiti akavua miwani ikaning'inia kifuani. "Nyie watu na hawa waume wenu wa kuazima. Mtakuja kutuua."

Mwenye zahanati akainuka. "Mwenyekiti, wameshakiri wenyewe ni waongo. Tunaendelea na nini hapa?"

"Kaa, baba. Kijana, haya maneno juu ya saini. Yalikuwepo wakati unasaini?"

Hapo ndipo nilipokuwa nimejiandaa. Patupu. Neno dogo, nililifanyia mazoezi hata kwenye randa, patu-pu, patu-pu. Nikafungua mdomo, nikamwona yule tabibu. Alikuwa amekonda. Alikuwa ananitazama kama mtu ambaye naye hajui nitasema nini, na sikuweza kusoma usoni kwake kama ni kwa sababu aliyaandika baadaye au kwa sababu kweli aliniambia.

"Sijui, mama," nikasema. "Sikusoma. Nakumbuka juu kabisa ya fomu palikuwa na maandishi. Pale chini, kwenye saini, sikuangalia. Nilikuwa nawaza uji."

Dada akainua kichwa. Mama wa msaada wa kisheria akafunga faili lake taratibu, kama mtu anayefunika chakula kilichoharibika. Mwaka mzima wa safari ulimiminika pale, na aliyeumimina ni mie.

Mwenyekiti aliirudisha fotokopi upande wake. Halafu, badala ya kuniuliza mie tena, akamgeukia tabibu.

"Wewe ulimweleza huyu kijana."

"Ndiyo, mama."

"Mama wa mtoto alikuwa wapi?"

"Kitandani."

"Kitanda kipo mbali?"

"Hapo hapo. Pazia tu."

"Alikuwa amezimia?"

"Hapana."

"Amelala?"

Tabibu akatikisa kichwa. "Alikuwa ananyonyesha."

"Kwa nini hukumwambia yeye?"

Dada akajibu kabla yake, bila kuruhusiwa, na bila kupandisha sauti. "Nilimuuliza. Nilimuuliza mbona mgongo wa mwanangu umefungwa bandeji. Akaniambia, tulia mama, nimeshaongea na mzee wako."

Chumba kizima kikanitazama mie, mzee wake.

"Ulisema hivyo?" mwenyekiti akauliza.

"Huwa tunaongea na baba," tabibu akasema. Alisema polepole, na nadhani alikuwa anasikia maneno yake kwa mara ya kwanza. "Ndiyo utaratibu. Baba ndiye anaamua wapi waende."

"Barua ya rufaa uliandika?"

"Sikuandika. Nilijua wamekataa."

"Mama hakukataa. Mama hakuulizwa." Akavaa miwani yake akaandika, na aliandika muda mrefu.

Wakati wa kurudi tulitembea kwanza, jua kali. Shemeji alikuwa mbele na mkoba wa nepi.

"Mwaka mzima uliniambia patupu," dada akasema.

"Nilitaka pawe patupu."

Tukapita fremu tatu, nne, za wauza simu. Nilikuwa nasubiri. Mtu akikaa kimya muda mrefu hivyo, mie naanza kutunga mwenyewe atakachosema, na vyote nilivyovitunga vilikuwa vibaya.

"Mbebe," akasema. "Mkono wangu umekufa ganzi."

Nikampokea mtoto, kichwa kwanza.

Uamuzi ulikuja baada ya wiki kadhaa, kurasa mbili. Zahanati ilikosea kutomweleza mama na kutotoa barua ya rufaa. Tabibu amesimamishwa mpaka arudie mafunzo. Imeandikwa kwamba kuchelewa kulizidisha madhara ya kichwa, na dada aliisoma sentensi hiyo mara nyingi mpaka karatasi ikalegea hapo. Kuna na aya yetu: familia ilitoa taarifa za uongo, jambo lililochangia. Kuhusu fidia, kamati haina uwezo, tunashauriwa kwenda mahakamani. Mama wa msaada wa kisheria alisema kesi ipo, ila ni ndefu, na hakutuficha kwamba ile kadi itatufuata mpaka huko.

"Tutakwenda," dada alisema. "Ila si mwezi huu. Mwezi huu mpira umeziba."

Kweli ulikuwa umeziba. Mtoto alikuwa anatapika na macho yake yanaangalia chini tu. Tukalazwa tena hospitali kubwa, akapangiwa upasuaji siku inayofuata. Shemeji alikuwa njiani anarudi kutoka Makambako, simu inapatikana safari hii, anapiga kila baada ya dakika kumi. Asubuhi nesi akaja na ubao wenye fomu, anatembea haraka, foleni ya wazazi wengine nyuma yake. Akapita mbele ya dada, akaja mpaka kwangu nilikosimama na kile kiti cha mninga mkononi.

"Baba, saini hapa, tunampeleka."

Kalamu ilikuwa imeshafika kwenye vidole vyangu.

"Mie mjomba," nikasema. "Mpe mama yake."

"Yeyote tu, ni saini tu."

"Mpe mama yake, sista. Na muache asome."

Dada akampakata mtoto vizuri, akaweka ubao juu ya goti. Alisoma toka juu. Alisoma jina la hospitali, alisoma tarehe, alisoma maneno madogo ya chini kidole kikifuata mstari. Neno moja hakulielewa, akauliza. Nesi akamweleza huku anatazama saa. Nyuma yetu mtu akaguna, mwingine akasema jamani, wengine tupo tangu alfajiri. Dada hakugeuka. Akafungua ukurasa wa pili.

Nilikaa kwenye benchi, kiti cha mtoto magotini, nikasubiri amalize.